Mabega Mawili, Ukuta Mmoja

Wanaume wawili wazima, wenye akili zao timamu, walianguka kutoka kwenye ubao mmoja kwa sababu ya doa la dari lisilozidi ukucha. Ukitaka kujua nani mwenye makosa usiwaulize wenyewe, maana kila mmoja ana simulizi yake na hakuna inayokaribiana na ya mwenzake. Muulize mshonaji. Mmoja ni mumewe, mwingine ni kaka yake wa tumbo moja, na yeye ndiye aliyewauguza wote wawili mpaka akatamani angezaliwa na mkono wa tatu.

Mume ni fundi wa rangi. Wenzake wa kazi wanamwita Dari, kwa sababu hapo ndipo sifa yake ilipo. Kuta kila mtu anapaka, lakini dari iliyopita mikononi mwake haina mstari wa brashi wala mahali palipokolea kuliko pengine. Akiingia nyumba ya watu, macho yanakwenda juu kwanza, salamu baadaye. Hata siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe aliikagua dari yao kabla ya kuwaangalia wenyewe, na mama mkwe alidhani anasali, akampenda papo hapo.

Kaka ni kinyozi, naye ana ugonjwa wake. Jicho lake haliwezi kuupita unywele uliosahaulika nyuma ya sikio la mtu. Hata msibani akimwona aliyenyolewa vibaya anakosa raha mpaka wanatawanyika. Hajaoa, na kila mwaka anasema ni mwaka huu.

Sasa watu wa namna hiyo waweke kwenye chumba kimoja uone. Kinyozi alikuwa amehamia ofisi mpya ya kunyolea, na shemeji yake akaja kumpakia rangi. Fundi alikuwa juu ya ubao uliolazwa kwenye ngazi mbili, anamalizia. Kinyozi alikuwa chini, mikono kiunoni, shingo ameikunja nyuma.

"Shemeji, umebakiza pale," akasema.

"Wapi?"

"Pale kwenye kona."

"Sijabakiza. Hicho ni kivuli cha taa."

"Kivuli gani bwana, na mimi naona?"

"Wewe shika mkasi wako. Dari niachie."

Mtu mwingine angeyaacha hapo. Kinyozi alipanda ngazi ili akaliguse lile doa kwa kidole, na fundi akasogea upande ule ule ili amzuie. Wote wawili wakawa wameukanyaga ubao pale ulipochomoza nje ya ngazi. Ubao haukuwa na la kufanya ila kupinduka. Wakatua kwa mabega ya kulia, na kopo la rangi likafuata.

Mshonaji alipofika aliwakuta wameketi kwenye viti viwili vya kunyolea, weupe kuanzia nywele mpaka viatu, kila mmoja ameushika mkono wake, wanabishana kama kile kilikuwa kivuli au si kivuli. Alikuja na machozi, akajikuta anacheka. Kisha akauona uso wa mumewe ulivyokunjamana alipovuta pumzi, na kicheko kikamkauka.

Hospitali picha zilionyesha mifupa mizima. Zilizoumia ni kano zinazolishika bega, kwa wote wawili, utadhani walipatana. Daktari akawaning'iniza mikono shingoni kwa vitambaa, akasema wapumzike, waweke barafu, na uvimbe ukishuka waanze tiba ya kuurudisha mkono kazini. Akamuuliza fundi anafanya kazi gani. Fundi akamwambia.

"Kuinua mkono juu ya kichwa ndicho kitu cha mwisho kurudi," daktari akasema. "Wengi mkono unarudi wote. Wengine unaishia hapa." Akaweka kiganja usawa wa kidevu.

Mshonaji alirudi nyumbani na kile kiganja cha daktari machoni. Alimjua mumewe. Kuna watu kazi wanaivua jioni pamoja na viatu. Huyu alikuwa analala nayo. Dari ikimpotea, angebaki na nini?

Basi nyumba ikawa na wagonjwa wawili, maana kinyozi hakuwa na wa kumfungia vifungo, akahamia kwa dada yake na begi moja na redio. Asubuhi mshonaji anamvika mume shati, anamvika kaka shati, anammenyea huyu, anamkatia yule, kisha anakaa kwenye cherehani yake pale sebuleni na nguo za wateja zinamsubiri kwa hasira. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Yeye aligundua kwamba wanaume wawili wenye mkono mmoja mmoja hawafungui hata kopo la sukari, ila kubishana wanaweza.

Na ubishi mpya ukaja wenyewe, wa tiba.

Fundi alikwenda kitengo cha mazoezi ya viungo pale hospitali, kwa mama mmoja mfupi ambaye wagonjwa wote humwita Mwalimu kwa sababu anatoa kazi za nyumbani na siku inayofuata anazikagua. Mwalimu hakuwa na maneno mengi. Alimfundisha kuinama, mkono wa kushoto ameegemea meza, ule mgonjwa akauacha uning'inie na kuuzungusha polepole, utadhani anakoroga sufuria iliyoko sakafuni. Alimfundisha kujivuta kwa taulo mgongoni na kuvuta mpira uliofungwa kwenye kitasa cha mlango. Na la mwisho, asimame mbele ya ukuta, avitambaze vidole kwenda juu mpaka mkono ukatae, aweke alama, kesho avitambaze tena.

Kinyozi alipoona hayo alicheka mpaka bega likamuuma.

"Shemeji, wewe unatibiwa au umeandikishwa shule?"

Yeye alikuwa amepata kliniki ya mashine. Huko, kwa maelezo yake, mgonjwa ni mfalme. Unalazwa kitandani, unabandikwa nyaya begani, nyama inacheza yenyewe bila wewe kufanya lolote. Wakitoka hapo wanakuwashia taa nyekundu ya joto. Kisha unapakwa mafuta ya baridi na kupitishiwa kidude cha chuma, taratibu, mpaka usingizi unakuja. Mwisho unachuliwa kwa dawa moja kali ambayo harufu yake ilikuwa inafika nyumbani kabla yake.

"Na mkono unainuka?" fundi akauliza.

"Utainuka. Mambo mazuri hayataki haraka."

"Wangu ndio utainuka. Wako unabembelezwa."

Hapo ndipo mshonaji alipochoka kuwasikiliza. Alichukua chaki zake za kushonea, ya bluu na nyekundu, akawapeleka wote wawili kwenye ukuta ulio mkabala na cherehani. Bluu mume, nyekundu kaka. Kila jioni kila mmoja atatambaza vidole, yeye ataweka alama, na atakayeufikisha mkono juu kabisa ndiye mwenye tiba bora, basi, kelele ziishe. Tangu siku hiyo wakamwita Refa. Fundi, ambaye ukuta ule aliupaka kwa mkono wake, rangi ya maziwa, aliruhusu kwa shingo upande.

"Chaki inafutika," alisema. "Ila mtu asije akanishikia ukuta wangu na mafuta."

Na ilikuwa raha, niseme ukweli. Jioni zilikuwa na mchezo wake. Chaki nyekundu ilipanda haraka mwanzoni, maana maumivu ya kinyozi yalishuka mapema, naye akatembea kifua mbele. Halafu ya bluu ikaanza kuifuata, kidogo kidogo, mpaka ikaipita, na kinyozi akaanza kudai kwamba shemeji yake anasimama kwa vidole vya miguu. Refa akaamua wote wasimame bila viatu. Kinyozi akadai chaki ya bluu ni nene. Refa akasema anayetaka kukata rufaa akajipikie.

Lakini mshonaji ana pua. Siku moja akifua shati la mumewe alisikia harufu ya ile dawa kali ya kuchua. Aliinusa mara mbili, akaendelea kufua. Na alipopeleka chakula ofisini kwa kinyozi, bila hodi, alimkuta kaka yake amefunga mpira kwenye kitasa cha mlango anavuta kwa bidii, jasho linamtoka, akajifanya upesi kuwa anaupima kama unafaa kufungia taulo. Alijitia hamnazo kwa wote wawili. Hata hivyo alimuuliza Mwalimu, siku aliyomsindikiza mumewe, kama mashine za watu zina faida.

"Zinayo," Mwalimu akasema. "Zinatuliza maumivu, na asiyeumwa sana anafanya mazoezi vizuri. Ila hakuna mashine itakayokuinulia mkono wako."

Shida ni kwamba mkono wa fundi ulifika usawa wa macho, ukakwama. Jioni baada ya jioni chaki ya bluu iliwekwa pale pale mpaka alama ikawa doa. Nyekundu ikaipita tena, na safari hii kinyozi hakucheka sana. Fundi hakuwa mvivu. Mazoezi alifanya yote, na mengine akaongeza. Vidole vilipanda vizuri, vikafika pale, mkono mzima ukatetemeka, akaushusha.

Mwalimu alimlaza chali kitandani, akamwambia ainue. Mkono ukaenda wote, ukapita sikio, ukalala kwenye mto nyuma ya kichwa bila tatizo. Akamsimamisha mbele ya ukuta. Ukakwama usawa wa macho.

Alimwita mshonaji pembeni. "Bega limepona," alisema. "Yeye ndiye anayelizuia, na hajui kama analizuia. Akiinua macho juu anaanguka upya."

Aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humshtua. Hilo mshonaji hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa ameshaona siku nyingi, ila hakutaka kulitaja: mumewe alikuwa ameacha kuangalia dari. Akiingia mahali, anaangalia sakafu.

"Nimsukume?"

"Hapana. Ukimsukuma atajikaza, akijikaza ataumia. Endelea na chaki zako. Ipo siku atasahau."

Mshonaji alisubiri siku hiyo. Badala yake ikaja Jumamosi ambayo fundi aliziosha brashi zake zote, akazikausha, akazifunga kwenye gazeti. Akasema, bila kumwangalia, kwamba amezungumza na fundi mwenzake, na Jumatatu atakuja kuchukua ngazi.

"Achukue aazime?"

"Achukue ziwe zake. Kuta za chini nitapaka, na mageti. Watu wanaishi kwa mageti."

Hakugombana naye. Alikwenda jikoni akawasha bomba ili lipige kelele, akalia.

Jioni ile kinyozi alitoka kliniki, mkono wote unang'aa dawa, hana habari ya kilichotokea. Akasimama ukutani, akatambaza vidole, akapata alama ya juu kuliko zote, na kwa furaha akaupiga ukuta kwa kiganja kizima. Alipouondoa, mkono wake ulibaki pale, vidole vitano vya mafuta kwenye rangi ya maziwa. Fundi aliutazama ule mkono. Akaenda kulala. Kinyozi aliambiwa habari ya ngazi na dada yake kwa kunong'onezwa, akaketi, kisha akasema kwamba laiti angenyamaza siku ile, kivuli kingebaki kivuli. Ni mara ya kwanza mshonaji kumsikia akikiita kivuli.

Jumapili asubuhi kinyozi alitoka mapema kufungua ofisi. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, anaunganisha mikono ya gauni la mteja. Fundi alipita na chai yake, akasimama mbele ya ukuta, akayatazama yale mafuta. Akaenda. Akarudi na kitambaa na maji ya sabuni.

"Mafuta ukiyaacha yanaingia ndani," alisema, kama mtu anayejitetea. "Baadaye hata upake nini, yanatokea."

"Eeh," mshonaji akasema, anakanyaga cherehani.

Akayaosha. Palipooshwa pakawa peupe kuliko pengine. Akapapitisha msasa kidogo, akaenda kulifungua lile gazeti, akarudi na brashi moja na masalia ya rangi ya maziwa yaliyokuwa stoo. Akapaka pale tu, kiasi cha kiganja.

Sasa, fundi wa rangi hapaki kiraka. Anaweza kujidanganya kwamba atapaka kiraka, lakini kiraka kinaonekana, hata rangi iwe ya kopo lile lile, na jicho lake likishakiona halitalala. Sheria yao ni kona mpaka kona, na juu mpaka chini. Fundi alirudi nyuma hatua moja, akakitazama kiraka, akaguna. Akapanua kidogo kushoto. Akaguna tena. Akaenda kuchukua rola na trei yake, akasukuma kochi.

Alianza chini, kwenye mageti yake, kama tungesema. Rola ikapanda mpaka kifuani, ikashuka. Ikapanda mpaka kidevuni, ikashuka. Mshonaji hakuinua kichwa. Alikuwa anaangalia kwa kope. Rola ikafika kwenye doa la bluu, pale mkono ulipokataa wakati wote huo, ikalipita na kulifuta. Mkono ulikuwa wa kulia.

Moyo ulimpiga kiasi kwamba mguu ulitaka kusimama, akakumbuka: akisimamisha cherehani, kimya kitamgutusha, atageuka, na akigeuka atakumbuka. Akaendelea kukanyaga. Kitambaa kilipita chini ya sindano, kikaisha, akakirudisha kikapita tena popote kilipotaka. Aliona anaushona mkono wa gauni la watu mpaka ukaziba mdomo kabisa, na hakujali.

Fundi alifuta bluu zote. Akafuta nyekundu zote. Ushahidi wote wa tiba ulikwenda chini ya rangi ya maziwa, na mwenyewe anaimba puani. Akavuta kigoda cha jikoni, akapanda, akachukua brashi ya kumalizia na kuanza kuufuata ule mstari mwembamba ambapo ukuta unakutana na dari. Mkono ulikuwa juu ya kichwa chake, umenyooka, unakwenda taratibu bila kutetemeka, na macho yake yalikuwa juu.

Mshonaji aliomba kimoyomoyo mlango usigongwe.

Haukugongwa. Ulifunguliwa, maana kinyozi hajawahi kupiga hodi kwa dada yake. Aliingia, akaona kochi katikati ya nyumba, akaona ukuta mpya, akafungua kinywa kuuliza alama zake ziko wapi. Dada yake alimkazia macho ya kuua. Akakifunga. Akamwona shemeji yake juu ya kigoda, akauona mkono, na macho yakamjaa maji. Kwa muda alisimama pale kwa heshima, kimya, jambo ambalo hakulizoea. Halafu jicho lake, lile lisiloweza kuupita unywele, likapanda lenyewe mpaka kona iliyo juu ya kabati.

"Shemeji," akasema, "umebakiza pale."

Cherehani ikasimama.

Fundi akageuka. Kinyozi alikuwa ameonyesha kwa kidole, na mkono aliouinua ni ule ule mgonjwa, wima kutoka begani, juu kuliko chaki yoyote aliyowahi kupata, naye hana habari. Fundi aliutazama mkono wa shemeji yake. Kisha akautazama wake, na brashi aliyoishika, na kigoda alichosimamia. Uso ulimpauka. Akaushika ukuta mbichi kwa mkono wa kushoto.

Mshonaji akainuka nusu kitini.

"Wapi?" fundi akauliza.

"Pale kwenye kona. Labda ni kivuli."

Fundi aliinua macho. Aliiangalia ile kona kwa muda mrefu, kichwa upande, jicho moja amelifinya, namna alivyokuwa akiangalia dari za watu miaka yote.

"Si kivuli," akasema. "Nimebakiza."

Akanyoosha mkono. Kigoda kilikuwa kifupi, na kabati lilikuwa njiani. Alishuka, akaifuta brashi ukingoni mwa kopo, akasimama akilizungusha bega lake polepole.

"Kaniletee ngazi," akamwambia shemeji yake. "Na ukishaileta, wewe ubaki chini."

Kinyozi alikuwa ameshatoka mbio. Mshonaji aliinamia lile gauni la mteja, akatafuta wembe, akaanza kuufumua ule mkono aliouziba, uzi mmoja mmoja, huku machozi yakidondokea kitambaa cha watu na yeye hayafuti.